Klasta ya Hifadhidata katika Makontena: Maneno na Matumizi Yake

klasta nm [i-/zi-] kundi la seva, kila moja ikiitwa nodi, zinazotunza hifadhidata moja kwa ushirikiano, hata programu inayoitumia ikaiona kuwa kitu kimoja.

Makala haya yanayapitia maneno anayokutana nayo msanidi programu anayeendesha klasta ya aina hiyo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, kwa kutumia makontena, wakati programu yake ingali inaandikwa. Mfano unaotumika ni Cassandra, hifadhidata iliyoanzia Facebook na kutolewa huria mwaka 2008, kwa kuwa nodi zake zote zina hadhi moja na mambo yake huonekana waziwazi. Sehemu kubwa ya yanayosemwa inazihusu pia hifadhidata nyingine za namna hiyo.

Klasta haiwekwi katika mashine moja kwa ajili ya usalama wa data. Nodi tatu zilizomo ndani ya kompyuta mpakato moja hutegemea diski moja, betri moja na kiini kimoja cha mfumo endeshi. Kompyuta ikianguka sakafuni, zote huanguka pamoja. Huwekwa kwa sababu nodi moja huficha makosa. Programu iliyozoea nodi moja haijawahi kukataliwa kwa kukosa akidi, haijawahi kusoma habari iliyopitwa na wakati, wala haijawahi kuingoja nodi iliyo hai lakini isiyojibu. Mambo hayo ni heri yaikute mezani kwa msanidi kuliko yaikute ikiwa tayari inahudumia watu. Ufundi wenyewe si mrefu. Kinachowakwamisha wengi ni maelekezo, na maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili yana mitego yake ya pekee, inayotokana na Kiswahili chenyewe.

Klasta, kundi, kongano

Neno "kundi" linafahamika na halina ubaya katika maelezo ya jumla. Upungufu wake ni kwamba kundi la seva laweza kuwa seva zozote zilizowekwa pamoja, hata zisizojuana. "Kongano", ambalo Tanzania hutumika kwa viwanda vidogo vilivyokusanywa eneo moja, lina kasoro hiyo hiyo: wenye karakana wa kongano ni majirani, si washirika wa daftari moja. "Klasta" halina mzigo huo, na limekwisha kukubali sarufi: klasta imewaka, klasta zimewaka. Umbo "maklasta" halina haja. "Nodi" nalo lifuate ngeli hiyo hiyo, na "kifundo" kiachiwe mimea na miguu.

Kontena na taswira

kontena nm ma- [li-/ya-] 1 sanduku kubwa la chuma la kusafirishia shehena. 2 (kompyuta) eneo lililotengwa ndani ya mfumo endeshi, ambamo programu huendeshwa pamoja na kila inachokihitaji bila kuingiliana na programu nyingine.

Maana ya pili imezaliwa na ya kwanza moja kwa moja. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X ya mfanyabiashara Malcom McLean iliondoka Newark kwenda Houston, Marekani, ikiwa na makontena 58, na tangu hapo faida ya kontena imekuwa moja: winchi haihitaji kujua kilichomo. Programu ya Docker, iliyoonyeshwa hadharani na Solomon Hykes mwezi Machi 2013, ilichukua wazo hilo pamoja na jina lake. Docker kwa Kiingereza cha Uingereza ni mpakiaji na mpakuaji wa shehena gatini. Kwa Kiswahili ni kuli, neno ambalo wasomaji wa Shafi Adam Shafi hawahitaji kufafanuliwa. Kwa mzungumzaji wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, basi, kontena la kompyuta si sitiari ya kigeni. Ni bandari ile ile aliyoizoea.

Taswira ni jambo jingine. Ni faili lisilobadilika ambalo makontena hutolewa humo, kama matofali yanavyotoka katika kalibu moja. Wanaoandika "picha" humfanya msomaji atafute kitu cha kutazama. Taswira moja ya Cassandra hutoa makontena matatu, nayo ndiyo klasta ndogo kabisa yenye maana.

Kontena hutenganisha programu, lakini halizuii ulafi mpaka liwekewe mpaka. Cassandra 4.0 isipoelekezwa vingine hujitengea robo ya kumbukumbu ya mashine, kikomo chake kikiwa GB 8, na kontena lisilo na mpaka huiona kumbukumbu yote ya mashine kuwa yake. Katika kompyuta ya Linux yenye GB 16, kila nodi hujipimia GB 4; tatu hudai GB 12, kivinjari na kihariri bado havijafunguliwa. Hapo nodi moja huuawa na mfumo endeshi bila kuaga, na msanidi hudhani taswira ni mbovu. Tiba ni kuipa kila nodi kiasi kidogo, tuseme MB 512, kwa vigezo vya mazingira MAX_HEAP_SIZE na HEAP_NEWSIZE, ambavyo huwekwa vyote viwili kwa pamoja.

Simamisha: kitenzi cha kuepukwa

Katika maneno yote ya kazi hii, hakuna linalostahili tahadhari kuliko hili, nalo si la kigeni.

"Simama" kina pande mbili: kuwa wima, na kuacha kwenda. Nguzo imesimama, basi limesimama. "Simamisha" kimezirithi zote mbili. Fundi husimamisha nguzo, askari wa barabarani husimamisha daladala, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu mazingira huamua. Katika maelekezo ya klasta mazingira hayaamui. Sentensi "simamisha nodi ya tatu, kisha angalia hali ya klasta" ina mantiki kamili ikiwa nodi inawashwa, na ina mantiki kamili ikiwa inazimwa. Wasomaji wawili makini watafanya mambo mawili yaliyo kinyume, na kila mmoja atadhani ametii.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuziba ufa huo, na kila kimoja kina kazi yake mashineni.

*Washa* au *anzisha*: kulifanya kontena lianze kazi.

*Zima*: kuliambia kontena lifunge kazi. Amri `docker stop` hupeleka ishara ya kuomba programu ijifunge, hungoja sekunde 10, kisha, kama bado, huiua. Nodi iliyozimwa hivi hupata nafasi ya kuwaaga wenzake.

*Ua*: `docker kill`, bila ombi wala subira. Huu ndio mfano wa umeme kukatika.

*Gandisha*: `docker pause`. Programu haifi, haipati tu nafasi ya kufanya lolote. Kinyume chake kimo tayari katika mofolojia ya lugha: *gandua*. Tofauti ya kugandisha na kuzima si ya maneno matupu. Nodi iliyozimwa hufunga miunganisho yake, na programu inayoitumia hujua mara moja kwamba mwenzake ameondoka. Nodi iliyogandishwa huiacha miunganisho wazi na kukaa kimya, na programu isiyo na kikomo cha kungoja itangoja. Kati ya makosa yanayofichuliwa na klasta ya mezani, hili ni miongoni mwa yenye gharama zaidi, na aliyejaribu kwa kuzima tu hataliona.

*Ondoa*: kulifuta kontena lenyewe. Amri `docker compose stop` huzima makontena na kuyaacha yalipo. `Docker compose down` huyazima na kuyaondoa, pamoja na mtandao wao.

Data je? Data haipaswi kukaa ndani ya kontena bali katika hifadhi ya kudumu, iliyo nje yake na yenye jina. ("Juzuu", linaloonekana katika tafsiri za mashine, ni la vitabu, "ujazo" ni wa maji na mchanga.) Hifadhi yenye jina husalimika `down` inapoendeshwa. Lakini `docker compose down -v` huifuta, na herufi hiyo moja ya mwisho imekwisha kufuta kazi za watu wengi. Hifadhi isiyopewa jina ina hatari ya kimyakimya zaidi: baada ya `down` haifutwi, lakini makontena mapya hayaijui, hupewa hifadhi mpya tupu, na msanidi huiona hifadhidata yake imerudi siku ya kuzaliwa. Mwandishi wa maelekezo asitumie "safisha" kwa amri hizi. Msomaji husafisha chombo akitarajia kukikuta.

Mwenyeji, mlango na mbegu

Mwenyeji ni aliye kwao, na mgeni ni aliyemfikia. Kompyuta ni mwenyeji wa makontena, na hadi hapo neno linatosha. "Mashine mwenyeji" ni bora zaidi kwa kuwa haimtaji mtu. Ugumu huanza na jina `localhost`, ambalo huelekeza kwenye mashine ile ile inayolitamka. Ndani ya kontena, mashine hiyo ni kontena lenyewe: kila mgeni akiwa chumbani mwake hujiona mwenyeji. Msanidi aliyeiweka programu yake katika kontena moja na hifadhidata katika jingine, kisha akaandika `localhost`, ameifanya programu ipige hodi mlangoni kwake yenyewe. Anwani sahihi ni jina la huduma ndani ya mtandao wa makontena, kwa mfano `nodi1`. Jina `localhost` liachwe kama lilivyo, lisitafsiriwe. Wala klasta ya mezani isiitwe "ya kienyeji": neno hilo humpeleka msomaji kwenye kuku na dawa za mizizi.

Namba ambazo programu hupokelea mawasiliano ziitwe *milango*. Baadhi ya tafsiri huandika "bandari", na katika makala yenye makontena kosa hilo linavutia mno. Lakini neno la Kiingereza la maana hii limetokana na Kilatini porta, yaani lango. La bandarini limetokana na portus. Maneno hayo mawili yana ukoo, ila si mamoja. Cassandra hupokea wateja katika mlango 9042, na nodi huzungumza zenyewe kwa zenyewe katika mlango 7000. Makontena matatu hayawezi kuutumia mlango 9042 wa mashine mwenyeji kwa wakati mmoja, hivyo huelekezwa 9042, 9043 na 9044.

Hata hivyo milango hiyo haitatui kila kitu. Mteja wa Cassandra akishaipata nodi moja huiuliza anwani za wenzake, na hujibiwa kwa anwani za ndani ya mtandao wa makontena. Katika Linux anwani hizo hufikika. Katika macOS na Windows, ambako makontena hukaa ndani ya mashine pepe, hazifikiki, na mteja hubaki na nodi moja huku kumbukumbu za matukio zikijaa malalamiko. Njia nyepesi ni kuiweka programu nayo katika kontena la mtandao ule ule.

"Nodi mbegu" ni tafsiri sisisi, na taswira yake haisaidii sana, kwani hakuna kinachoota. Ni nodi ambayo mgeni huiendea kuulizia wengine. "Mpokezi" lingefaa zaidi. Lakini kigezo chenyewe huandikwa CASSANDRA_SEEDS, na msomaji atakayelitafuta neno atalipata kwa urahisi akikumbuka mbegu. Muhimu ni zamu: nodi ziingie moja baada ya nyingine. Mbili zikijiunga kwa wakati mmoja, moja hukataa kuendelea na kujifunga. Kwa hiyo nodi ya pili iambiwe ingoje mpaka ya kwanza iwe *na afya*, si mpaka iwe *imewaka*. Kontena huwaka kwa sekunde moja, Cassandra iliyomo huchukua muda zaidi.

Akidi

akidi nm [i-] 1 idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. 2 (kompyuta) idadi ya nakala zinazotakiwa kujibu ili usomaji au uandishi ukubaliwe.

Hapa Kiswahili hakikukopa wala kubuni. Neno lilikuwapo bungeni, katika vyama vya ushirika na katika mikutano ya vijiji, na sayansi ya kompyuta yenyewe ililitoa huko huko. Leslie Lamport alipochapisha mwaka 1998 kanuni yake ya Paxos, aliieleza kwa kisa cha kubuni cha bunge la kisiwa cha Ugiriki cha kale, ambalo wajumbe wake hutoka na kuingia watakavyo na bado sheria hazipingani. Mwanafunzi aliyewahi kuona mkutano ukiahirishwa kwa akidi kutotimia amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Nusu ya pili ina tofauti ya kuzingatiwa. Akidi ya kikao yaweza kuwa ndogo kuliko nusu ya wajumbe: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huweka akidi ya Bunge la Taifa kuwa wabunge 50, na bunge hilo lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika. Katika hifadhidata hilo halifai. Akidi lazima izidi nusu, ili akidi yoyote mbili ziwe na angalau nakala moja ya pamoja, na kilichoandikwa kwa akidi moja kionekane na inayosoma kwa nyingine. Kwa nakala 3 akidi ni 2. Kwa 5 ni 3. Kwa nakala 4 akidi pia ni 3, kwa hiyo ya nne haiongezi uvumilivu wowote: nne, kama tatu, huvumilia kupotea kwa moja tu.

Kosa la kawaida la matumizi ni kusema "akidi ya nodi". Katika Cassandra akidi huhesabiwa kwa nakala za data, na idadi ya nakala hupangwa kando na idadi ya nodi. Klasta ya nodi tatu iliyopangiwa nakala moja ina akidi ya moja. Ikizimwa nodi moja, data iliyokuwa huko haipatikani, hata wengine wawili wakiwa wazima. Msanidi anayetaka kujaribu akidi apange nakala 3, aweke kiwango QUORUM, kisha azime nodi moja: maombi yataendelea. Azime ya pili: maombi yatakataliwa. Akishusha kiwango kuwa ONE, yatapita tena, kwa gharama ya kuweza kusoma habari ya zamani. Katika mifumo inayofuata kanuni ya Raft, kama etcd na CockroachDB, hiari hiyo ya kushusha akidi ya uandishi haipo.

*Si:* Nodi mbili zimezimwa, kwa hiyo hifadhidata imekufa.
*Bali:* Nodi mbili zimezimwa, kwa hiyo akidi haitimii.

Nakala na chelezo

Kitu kimoja kinachotunzwa katika nodi tatu kina nakala tatu. Kitu kilichowekwa kando ili kirejeshwe baada ya maafa huitwa na wengi "nakala rudufu". Maneno hayo mawili hayatofautiani vya kutosha, na umbali kati ya maana zake ni mkubwa. Nakala za klasta hufuatana katika kila jambo. Rekodi ikifutwa kimakosa, ufutaji hunakiliwa kwa uaminifu ule ule ulionakili uandishi, na baada ya muda mfupi nakala zote tatu zinakubaliana kwamba rekodi haipo. Cassandra hujiwekea picha ya jedwali kabla ya kutekeleza DROP au TRUNCATE, lakini picha hiyo hukaa katika hifadhi ile ile. Kwa DELETE ya kawaida hata hiyo haipo. Anayesema "data yangu ina nakala tatu" akimaanisha kwamba haiwezi kupotea amedanganywa na neno.

Kwa maana ya pili itumike *chelezo*, ambalo baadhi ya watumiaji wa simu wamekwisha kuliona. Ni neno la wanamaji, lenye asili katika "elea": kitu kinachoelea, au kinachosaidia kingine kuelea. Meli ikizama, chelezo hubaki juu. Kwa hiyo ndani ya meli si mahali pake. Wenye kuandika kuhusu Raft, kanuni iliyochapishwa na Diego Ongaro na John Ousterhout mwaka 2014, wasishawishike kulitafsiri jina hilo kuwa "chelezo", ingawa kamusi huruhusu. Raft hushughulika na nakala kukubaliana, na kuipa jina la akiba ni kurudisha mkanganyiko ulioondolewa.

Ufutaji wenyewe una neno lake. Cassandra haiondoi rekodi papo hapo, bali huandika alama iitwayo *jiwe la kaburi*, ambayo hutunzwa sekunde 864,000, yaani siku 10, isipopangwa vingine, kisha huruhusiwa kuondolewa. Nodi iliyokuwa imezimwa siku zote hizo haikuliona jiwe. Ikiwashwa siku ya kumi na tano, bado inayo rekodi, wenzake hawana tena ushahidi wa kifo chake, na rekodi hurudi katika klasta nzima. Watumiaji wa Kiingereza huziita rekodi hizo kwa jina la maiti wanaotembea, *mizuka* linatosha. Msanidi anayezima nodi ya tatu kwa wiki mbili ili kuokoa kumbukumbu ya kompyuta, kisha akaiwasha siku ya maonyesho, atakutana nayo. Aiondoe nodi hiyo pamoja na hifadhi yake, amwondoe marehemu katika orodha ya klasta kwa `nodetool removenode`, na kuingiza nodi mpya tupu.

*Si:* Tumeweka nakala katika nodi tatu, hatuhitaji akiba.
*Bali:* Tuna nakala tatu na chelezo moja, iliyo nje ya mashine hii.

Tazama pia: hifadhidata, mashine pepe, rudufisha, seva, uthabiti.